Mapacha wa Rekodi Moja

Wiki ya tatu ya muhula, kaunta ya huduma za kompyuta hujaa watu kama dirisha la zahanati siku ya chanjo. Kitengo chenyewe kiko chini ya maktaba ya chuo: chumba cha dari fupi, kaunta ya mbao, printa mbili ambazo moja ni ya kunyofolewa vipuri, na sanduku la nyaya ambalo hakuna anayejua nani alilileta. Mashine ya kutoa namba za foleni iliharibika zamani, na kwa kuwa hiki ndicho kitengo cha kutengeneza mashine, hakuna aliyepata nafasi ya kuitengeneza. Watu hupewa vipande vya boksi vilivyoandikwa namba kwa wino mzito. Nyuma ya kaunta alikaa fundi mmoja mwenye mvi za pembeni, ambaye chuo kizima, kuanzia wafagizi hadi maprofesa, kilimwita Zimawasha. Jina alijitakia mwenyewe. Yeyote aliyemletea shida, awe amesahau nywila au amemwagia chai laptopu yake, aliulizwa kwanza, "Umezima ukawasha?" Na kwa kuwa nusu ya shida za dunia hii huisha kwa kuzima na kuwasha, alionekana fundi hodari.

Siku jambo lenyewe lilipotokea alikuwa anasafisha rekodi. Mkurugenzi wa kitengo, mama mpole, nadhifu, asiyepandisha sauti hata printa ikimchafua, alikuwa amesema kwamba chuo kina wanafunzi wengi kwenye kompyuta kuliko kwenye viti, na wakaguzi wako njiani. Alisema kweli. Kuna waliosajiliwa mara mbili kwa makosa ya makarani, na kuna walioandikwa upya kila walipopoteza kitambulisho. Kazi haikuwa ngumu. Mfumo ulitafuta wenyewe rekodi zinazofanana, ukazileta mbilimbili kwenye kioo cha kompyuta, na fundi akabonyeza kitufe kilichoandikwa Unganisha. Desturi ya kitengo ilikuwa kwamba kama jina la ukoo ni moja, siku ya kuzaliwa ni moja, mama ni mmoja na namba ya simu ni moja, basi mtu ni mmoja. Zimawasha alishika kikombe cha chai mkono wa kushoto na kipanya mkono wa kulia, akabonyeza, akabonyeza, hadi chai ikapoa.

Ni mtu aliyezeekea mbele ya kioo tu anayeweza kusahau kwamba duniani kuna mapacha.

Kesho yake asubuhi, katika hosteli ya wasichana, kitanda kimoja hakikuwepo. Sakafuni zilibaki alama nne za miguu yake. Kwenye kitanda kilichosalia aliamka msichana mmoja, akakaa kitako, akaitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto, akaelewa. Hakupiga kelele. Alivaa gauni lake, na juu yake akavaa gauni la dada yake, kwa kuwa yote mawili yalikuwa yamepigwa pasi kwa ajili ya siku ile, akateremka kwenda kuuliza.

Mama yao ni mshonaji. Alishika mimba mara moja tu maishani, na kwa utani akamwita aliyetangulia Kifungua na aliyemfuata Kitinda, akisema yeye duka lake amelifungua na kulifunga siku hiyohiyo. Kifungua, wa mkono wa kulia, alikuja chuoni kusomea uhasibu. Kitinda, wa mkono wa kushoto, alikuja kusomea uuguzi. Tangu utotoni alikuwa akiifunga bandeji miguu ya cherehani ya mama yake na kuiuliza kama inauma. Walitumia simu moja nayo ilikuwa ya mama.

"Shikamoo," alisema msichana alipofika kaunta, kipande chake cha boksi mkononi.

"Marahaba. Shida?"

"Jana tulikuwa wawili. Leo tuko mmoja."

Zimawasha akavuta kibodi. "Umezima ukawasha?"

"Tumelala tukaamka."

"Ni yaleyale," alikubali fundi, akaandika jina la ukoo. Ikatoka rekodi moja. Akatazama tarehe ya mabadiliko, akatazama jina la aliyebadilisha, akaona ni lake. Hakushangaa. Kwa miaka aliyokaa pale alikwisha kuona mfumo ukimpandisha cheo marehemu, na marehemu akaja kuchukua ofisi yake mpya. Lakini aibu aliiona, ikampanda hadi masikioni. Alitafuta kitufe cha Tenganisha. Kilikuwepo, ila kilikuwa cha kijivu, na kitufe cha kijivu ni sawa na kilichochorwa ukutani.

"Nitakufungulia ombi," alisema. "Jina la mwombaji?"

Kabla mdomo haujajibu, mkono wa kushoto ulichukua kalamu juu ya kaunta ukaandika: Kitinda.

Mfumo, unapounganisha, huhifadhi masomo ya rekodi iliyotangulia. Kwa hiyo msichana akawa mwanafunzi wa uhasibu, na pale kwenye darasa la uuguzi kiti kikabebwa kikapelekwa chumba kingine. Alihudhuria vipindi vyote. Mkono wa kulia uliandika mambo ya mizania, na wa kushoto, ukikosa kazi, ulimshika aliyekaa jirani kwenye kifundo cha mkono na kumpima mapigo ya moyo. Wanafunzi wa uhasibu waliuzoea. Mmoja uliwahi kumwandikia, pembeni ya daftari, kwamba ana homa na aende zahanati, akaenda, akakutwa nayo kweli.

Vivuli vyake viliendelea kuwa viwili, kwa sababu jua halikuwa limeunganishwa na mfumo. Mlinzi wa lango la maktaba, mtu wa sheria zake, alisema kile cha pili hakina kitambulisho, lakini kwa kuwa kilikuwa kinasalimia kwa heshima alikiacha kipite. Kantini ndiyo haikuwa na huruma. Kadi ilikuwa moja, na kadi moja ni sahani moja. Njaa ilibaki ya watu wawili. Msichana alikula, akanyanyuka, akarudi mwisho wa foleni, na mashine ya kadi ikamwambia ameshakula. Akaanza kukonda, na magauni yale mawili yakaanza kumpwaya.

Zimawasha alipogundua hilo alianza kuja na chakula cha kutosha. Mchana alikuwa akifunga kaunta kidogo, wakala pamoja juu ya sanduku la nyaya. Alimwonea huruma sana, huruma ya mtu aliyemkanyaga mtoto akiwa anatazama kwingine.

Kuhusu lile ombi, alikwenda kwa mkurugenzi siku ya kwanza tu.

"Sheria ni msumeno, fundi wangu," mkurugenzi alimwambia, akimkaribisha kiti. "Kutenganisha rekodi kunahitaji maombi ya wenye rekodi wote wawili. Kila mmoja aingie na nywila yake, asimame mbele ya kamera. Waje tu, mimi nitaidhinisha hata leo."

"Wako wawili, lakini wamekuja mmoja."

"Basi huyo mwingine naye aje."

Walijaribu. Msichana alisimama mbele ya kamera ya kaunta, ikamtambua. Akatoka nje, akasuka nywele mtindo wa Kitinda, akarudi akageuza uso upande wa kushoto. Kamera ikasema ameshatambuliwa, asante. Akajaribu kucheka kama Kitinda, ambaye hucheka huku amefumba macho. Kamera ikamwomba afumbue macho. Zimawasha akaandika kwa kampuni iliyouza mfumo, na kampuni ikajibu kwa upole mkubwa kwamba kitufe cha kuunganisha kinafanya kazi kama kilivyokusudiwa.

Mama yao alikuja Ijumaa moja, futi ya kushonea ikining'inia shingoni, maana alitoka moja kwa moja kwenye cherehani.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama."

"Mimi ndiye mama mapacha. Baba, nilileta wawili, nasikia mna mmoja."

"Ni kweli, mama."

"Mwingine yuko wapi?"

"Yuko humohumo."

Mama alimgeukia binti yake, akaitoa futi shingoni, akampima pale pale mbele ya foleni: kiuno, mgongo, urefu wa mkono huu na wa huu. "Kiuno cha Kifungua," alisema. "Bega hili la Kitinda, limeshuka kidogo, aliangukaga kwenye ngazi." Akaikunja futi. Mkono wa kushoto ukamshika kiganja, nao wakashikana hivyo muda wote aliokuwa pale. "Sikiliza, baba. Mimi si mtu wa ugomvi. Mtoto akienda shule hurudi amebadilika, hilo nalijua. Wa jirani yangu alirudi na miwani. Lakini nilileta wawili. Nirudishieni wawili."

"Tunalishughulikia, mama."

Hayo ndiyo maneno ya kitengo, na Zimawasha alikuwa ameyasema maelfu ya mara bila kuyasikia. Siku hiyo aliyasikia, akauchukia mdomo wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa fundi tu.

Ilibaki njia moja. Kila muhula unapoanza, kitengo hukinakili chuo kizima kwenye kanda, na kanda hizo hufungiwa kabatini katika chumba cha seva hadi muhula uishe, kisha huandikwa upya juu yake, ya zamani yakafutika. Mafundi huziita bekapu. Kanda ya muhula ule ilikuwa ya wiki ya pili, na ndani yake mapacha walikuwa bado wawili. Tatizo ni kwamba kanda hairudishi mtu mmoja mmoja; ikirudi, imerudi na chuo chote. Mwaka mmoja kabati la umeme lilipoungua walilazimika kurudisha siku mbili. Jumatatu ikarudi, watu wakaenda tena kazini, wakanung'unika kidogo, na mpishi akalalamika kwamba maharage yaleyale anayachambua mara ya pili.

Mkurugenzi alilipeleka suala kwenye kikao. Hakulikalia, hilo asizuliwe. Alirudi akamwita Zimawasha, akamfungia mlango.

"Namwonea huruma yule binti," alisema, "nawe unanijua mimi sisemi uongo. Lakini tangu wiki ya pili watoto wamezaliwa. Kuna waliofaulu mitihani waliyokuwa wameshindwa mara tatu. Mkutubi ameposwa, baada ya kungoja kiasi kile! Nikawaambie nini hao, kwamba rudini nyuma?" Kisha akasema pia kwamba wakaguzi wameondoka wakikisifu chuo kwa rekodi safi, na kanda ikirudi itarudi na uchafu wake wote. Sababu ya kwanza aliisema kwa huzuni ya kweli. Ya pili aliisema akitabasamu, na ndiyo iliyoingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Zimawasha alitoka pale akiwa ameamua kuirudisha mwenyewe. Hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Hata taa ya barabarani ilipokuwa nyekundu na njia ikiwa tupu alisimama. Lakini aliamua. Kikwazo ni kwamba mlango wa mashine ya kanda una funguo mbili, na lazima zigeuzwe pamoja, mmoja na mtu huyu na mwingine na mtu yule. Ufunguo wa pili ulikuwa kwa Dada wa Seva, mwanamke mrefu mwenye sweta, maana chumba chake ni cha baridi mwaka mzima. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu kompyuta zilipokuwa na vichogo. Kila walipogeuza funguo alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa, na kila mara walicheka.

Alimkuta mchana anapangusa vumbi. Akamweleza yote. Dada wa Seva alisikiliza bila kumkatiza, kitambaa mkononi.

"Kanda ni ya wiki ya pili?" aliuliza.

"Ya pili."

"Wiki ya pili baba yangu alikuwa wodini."

"Najua, dada. Ndiyo maana nilidhani..."

"Ulidhani nitafurahi."

Ndivyo Zimawasha alivyodhani.

"Yeyote ambaye angenijia na ombi hilo angedhani hivyohivyo," alisema Dada wa Seva. "Kaka, ndani ya hiyo kanda baba yangu yu hai, lakini si mzima. Anakohoa. Analia kama mtoto wakimgeuza, mzee mzima, na anaona aibu kwamba namsikia. Alichukua wiki nne kumaliza. Nikigeuza ufunguo huu, namlaza tena kwenye kile kitanda kwa mkono wangu, na nitakaa naye zote nne nikijua mwisho wake." Akakikunja kitambaa mara mbili. "Nimemzika. Ameshapumzika. Mwambie yule mama anisamehe."

Mashine zilivuma. Zimawasha alitamani aweze kumkasirikia, akajikagua ndani, akakosa hasira. Alikuwa na ufunguo wake mkononi na haukuwa na faida zaidi ya kijiko. Akaurudisha mfukoni, akamwuliza kama amekula. Dada wa Seva akasema bado.

Siku iliyofuata alimwambia msichana ukweli wote, juu ya sanduku la nyaya, chakula kikiwa kati yao. Aliona ni heri ausikie kwake. Kifungua aliinamisha kichwa akalia kimyakimya. Mkono wa kushoto haukulia. Ulivuka juu ya bakuli, ukamshika Zimawasha kwenye kifundo, vidole viwili, ukatulia pale kwa muda mrefu, ukipima. Kisha ukachukua kalamu mfukoni mwake, ukaandika nyuma ya kipande cha boksi: Moyo wako unakwenda mbio mno, mzee. Punguza chumvi, na jioni utembee.

Haukuandika kitu kingine tena. Wiki zilizobaki uliendelea kufanya yale ambayo mkono hufanya, kushika kitabu, kufunga kifungo, lakini darasani haukumpima mtu. Kivuli cha pili kilianza kuchelewa. Msichana alikuwa akifika maktaba, kisha baada ya kitambo kidogo kivuli nacho kikafika, kikihema. Mlinzi alikingojea kwa adabu. Halafu ikafika siku kikawa hakiji, naye akafunga lango. Njaa nayo ikapungua. Msichana alikula sahani moja, akashiba, na aliposhiba alitoka nje ya kantini akatapika kwa uchungu. Zimawasha alikuwa bado anakuja na chakula cha kutosha. Kikawa kinabaki.

Muhula ulipokwisha, kanda ziliandikwa upya. Ilikuwa kazi ya kawaida na ilihitaji funguo mbili. Zimawasha na Dada wa Seva walizigeuza pamoja, bila utani. Siku hiyohiyo mkurugenzi alitangaza habari njema kwa wafanyakazi wake: kwa mafanikio yaliyopatikana, mwakani mfumo utaunganisha wenyewe, bila kumsumbua fundi. Watu wakapiga makofi. Zimawasha naye alipiga, akashtuka kujiona anapiga, akaacha.

Mama mapacha alikuja kumchukua mwanawe kwa likizo. Walipitia kaunta kuaga, kwa kuwa ni watu wenye adabu. Msichana alikuwa amefaulu uhasibu vizuri sana. Amevaa gauni moja, limemkaa sawasawa. Mama alikuwa amefika jana yake, akakesha akilipunguza. Mama alimshika mkono wa kushoto, akauminya kidogo, akangoja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayoijua. Akauminya tena.

"Amelala," Kifungua alisema taratibu.

"Mwache alale," mama alisema, lakini hakuuachia.

Ndipo simu ya mama ikalia kwenye mkoba. Ulikuwa ujumbe. Hakuwa na miwani yake, akamkabidhi Zimawasha ausome. Zimawasha aliutambua kabla hajaufungua, maana maneno yake aliyatunga yeye mwenyewe miaka ile, na alisifiwa kwa lugha nzuri.

"Unasema nini, baba?"

Alisoma kwa sauti, kwa sababu hakujua namna ya kutosoma. "Mpendwa Kitinda. Ombi lako limefungwa kwa kuwa hujajibu kwa muda mrefu. Tunashukuru kwa kutumia huduma zetu. Umeridhika kwa kiasi gani? Bonyeza moja kama hukuridhika kabisa, hadi tano kama umeridhika sana."

Foleni ilisubiri nyuma yao, kila mtu na kipande chake cha boksi. Mama aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho apate kuziona namba.

"Baba, nikuulize. Nikiweka moja, hamtamwonea huyu aliyebaki?"

"Hapana, mama. Hakuna atakaye..." Zimawasha alianza, kisha akakumbuka kitufe, na wakaguzi, na makofi, akaona kwamba hajui.

Mama alimtazama usoni kwa muda, akapata jibu lake. Akabonyeza tano, na simu ikamshukuru.